Mikia ya Mashati Ukutani: Msimu wa Kulungu Buffalo County, Wisconsin

Ijumaa, mkesha wa msimu

Tuliondoka St. Paul baada ya chakula cha mchana, tukashika barabara namba 61 inayoambaa na mto Mississippi kuelekea kusini. Tukapita Red Wing, tukapita Lake City, na kati yake Ziwa Pepin, pale mto unapotanuka hadi ng'ambo inaonekana kwa mbali. Tai wenye vichwa vyeupe walikuwa wametua kwenye miti mikavu ya ukingoni. Wabasha tukavuka daraja, tukawa Wisconsin. Kuanzia hapo pikapu zilikuwa nyingi kuliko magari madogo, na nyuma ya vioo vyake yalining'inia makoti ya rangi ya chungwa linalong'aa.

Msimu wa bunduki hapa huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na hudumu siku tisa tu. Watu zaidi ya laki tano hukata kibali. Kuna shule zinazofunga na karakana zinazopunguza zamu. Rafiki yangu wa kazini, ambaye familia yake ina kambi karibu na mji wa Alma, alikuwa ameniomba kwa muda mrefu nije nione. Sikuja kuwinda. Nilikuja kukaa, kupika na kusikiliza.

Kambi yenyewe ni nyumba ya mbao yenye paa la bati na jiko la kuni, imejengwa pale bonde linapobana kati ya miamba miwili ya chokaa. Nilipoingia, kitu cha kwanza kuona si pembe. Pembe zipo, jozi chache juu ya mlango. Kilichojaa ukutani ni vipande vya mashati: flaneli za mirabamiraba, nyekundu, buluu na kijani, zimepigiliwa kwa misumari midogo kuanzia darini hadi usawa wa kiti. Kila kipande kimeandikwa jina, mwaka na umbali. Ni desturi ya kambi nyingi za majimbo haya ya kaskazini. Ukimkosa dume, jioni hiyohiyo mkia wa shati lako unakatwa kwa mkasi mbele ya wote na kutundikwa. Aliyepata hatundikiwi kitu.

Mzee wa kambi, baba yake rafiki yangu, alinionyesha kipande cha buluu kilichopauka. 1979, hatua sitini. Alinieleza upepo ulikotoka, theluji iliyokuwa imelala mgongoni mwa dume yule, na mguu uliotangulia alipotoka kwenye mahindi. "Nilitazama pembe," alisema. "Nilizitazama mpaka nikasahau kutazama bega." Nikamuuliza kuhusu wale aliowapata. Akafikiri kidogo, akasema nusu yao hawakumbuki hata sura.

Usiku ule nilisoma ukuta mzima kwa tochi.

Jumamosi, ufunguzi

Taa ziliwashwa saa kumi alfajiri. Kahawa, mayai, na maneno machache. Sheria inataka nusu ya nguo za nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, ziwe za rangi ya chungwa au, tangu 2016, ya waridi inayong'aa. Mimi nilivaa koti la chungwa kama wengine, nikamfuata rafiki yangu gizani hadi kwenye dungu lake. Ni dungu kama yale ya kulindia mpunga kwetu Kilombero, ila hili limeegemezwa kwenye mwaloni, na ukifika juu unajifunga mkanda wa usalama, kwa maana wawindaji wanaoumia hapa wengi huumizwa na kuanguka, si na risasi.

Kupiga risasi kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Dakika hiyo ilipofika, bunduki zilianza kulia kutoka kila bonde, karibu na mbali, nami nikaelewa kwa nini watu hawa huiita siku hii sikukuu. Baridi ilikuwa chini ya sifuri. Majike wawili walipita chini yetu wakila mbegu za mwaloni, tukasikia hata meno yao.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini ni hapa. Hakuna kaunti nyingine Marekani iliyoingiza kulungu wa mkia mweupe wengi zaidi ya Buffalo County katika vitabu vya Boone and Crockett Club, chama kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887. Chama hicho hupima pembe kwa inchi: urefu wa shina kuu, urefu wa kila ncha, unene katika sehemu nne za kila upande, na upana wa ndani kati ya mashina. Tofauti kati ya kushoto na kulia hukatwa. Dume wa pembe za kawaida, yaani zisizo na umbo la ajabu, anahitaji jumla ya 170 kuingia kwenye kumbukumbu za kudumu, na hapimwi rasmi mpaka pembe zikauke siku 60. Wawindaji wote ninaokaa nao wanaijua hesabu hiyo kwa moyo. Wakimtazama dume aliye hai, hulinganisha upana wa pembe na masikio, ambayo yakisimama huwa yamepishana kama inchi 16 kutoka ncha hadi ncha.

Saa mbili na robo tulisikia mlio mmoja upande wa shemeji yake rafiki yangu. Mmoja tu. Mlio mmoja huleta matumaini. Tulimkuta baadaye amesimama karibu na ukingo wa mahindi, kofia mkononi.

Darubini ya bunduki yake ilikuwa imeachwa kwenye kiwango cha juu cha kukuza, maana alitegemea kuona mbali. Dume akatokea kwenye kichaka hatua arobaini tu. Alipoweka jicho, aliona manyoya yamejaa kioo kizima, bila mwanzo wala mwisho. Mkono ulipokwenda kupunguza ukuzaji, dume akaanza kutembea. Akavuta kifyatulio kwa pupa. Kidole kikivutwa kwa pupa, mdomo wa bunduki huhama kabla risasi haijatoka; kila mmoja kambini analijua hilo, na kila mmoja kambini limemkuta.

Mzee hakusema pole. Alisema, "Huwezi kusema umekosa mpaka uhakikishe umekosa." Tukainama wote. Tukatafuta unywele uliokatwa, tone la damu, jani lililogeuka. Risasi ilikuwa imechimba udongo nyuma ya pale aliposimama dume. Tukafuata kwato mita mia mbili na zaidi kwenye theluji nyepesi. Hatua zilikuwa ndefu na safi. Ndipo Mzee akakubali kwamba kweli dume ni mzima.

Jioni mkasi ukaletwa. Wakapiga makofi, wakacheka, shati likakatwa. Lakini baadaye nilimkuta shemeji yule nje kwenye ngazi, akanionyesha picha kwenye simu. Kamera za porini zilimnasa dume huyo tangu akiwa na miaka miwili na nusu. Pembe za kulungu si za kudumu: huanguka baada ya majira ya kupandana, huanza upya majira ya kuchipua, na kufikia Agosti zimekamilika chini ya ngozi laini ambayo dume huisugua kwenye miti. Shemeji anazo pembe mbili alizoziokota Machi, za dume huyohuyo, mwaka baada ya mwaka. Alikuwa amefuata uhai wake. Majuto yake yalikuwa ya mtu aliyesubiri miaka, na mnyama wa umri ule huenda asifike majira mengine ya baridi.

Sikupata la kumwambia. Nilikaa naye tu.

Jumapili

Upepo na mvua ya barafu. Redioni mechi ya Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya jimbo hili. Bunduki zilisafishwa, na shemeji akapiga risasi tatu kwenye karatasi kuhakikisha darubini haijasogea. Haikuwa imesogea.

Jumatatu

Siku hii naiandika polepole.

Mjukuu wa Mzee ana miaka kumi na sita. Alikuwa peke yake kwenye dungu la bondeni, jua likielekea kuzama. Tulisikia mlio, halafu simu ya rafiki yangu ikaita. Kijana alisema, "Baba, nimempiga," kwa sauti ambayo haikuwa ya furaha.

Tulipofika alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia kwa umri wake. Dume wa ncha kumi, hatua tisini, ubavu umeelekea kwake. Mapigo ya moyo aliyasikia masikioni. Magoti yalitikisika hadi dungu likatikisika. Mtikisiko huu hauwaachi hata wazee: mwili hujaa adrenalini, mikono hupoteza utulivu, jicho huona pembe na kusahau mengine. Alipovuta, dume alikunja mgongo, akaondoka akitembea, mkia umelala.

Mzee aliposikia "alikunja mgongo," alifumba macho. Dume aliyepigwa moyoni au mapafuni mara nyingi huruka au hukimbia kwa kasi. Anayejikunja amepigwa tumboni. Tukakuta unywele wa kahawia wenye ncha nyeupe, na damu nyeusi kidogo yenye rangi ya kijani na harufu ya majani yaliyosagwa. Damu ya mapafu huwa nyekundu hafifu yenye povu. Ukiiona hiyo, utamkuta karibu. Hii ilikuwa ya utumbo.

Kijana alitaka kufuata palepale. Babu yake alimshika bega. Kulungu aliyepigwa tumboni, akiachwa, hulala karibu na hufia hapo, lakini huchukua saa nyingi. Akisukumwa, huamka na kwenda mbali, na kila akiamka damu hupungua mpaka alama zinapotea. Usiku ulikuwa wa kuganda, kwa hiyo nyama ingeweza kustahimili. Tukafunga utepe kwenye kichaka palipo na damu ya mwisho, tukarudi.

Kijana hakula. Alikaa karibu na jiko akiutazama ukuta. Mkasi ulikuwa mezani tangu Jumamosi, na hakuna aliyeugusa. Nilipomuuliza rafiki yangu kwa sauti ya chini, akasema ukuta ni wa waliokosa. Huyu hakukosa.

Jumanne

Tulianza kulipokucha. Tone hapa, tone pale, jani moja lenye alama, halafu hatua nyingi bila kitu. Tulitembea mtu mmoja mbele, wengine pembeni ili tusikanyage njia. Tukafika uzio wa jirani. Wisconsin huwezi kuvuka kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa yake, hata kama unamfuata mnyama uliyempiga wewe. Rafiki yangu akapiga simu. Jirani hakutoa ruhusa tu. Alikuja mwenyewe na mwanawe, wakaacha mawindo yao ya siku hiyo.

Tulikuta mahali dume alipolala. Theluji iliyeyuka kwa umbo lake, katikati pana damu. Alikuwa ameamka. Alama za koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, zilikuwa juu ya zake.

Adhuhuri alikuja mtu mwenye mbwa wa kufuatilia damu, aliyefungwa kamba kama sheria inavyotaka. Mbwa alishika harufu haraka akatuvuta hadi kijito. Alizunguka ukingo huu, akavushwa ukingo wa pili, akazunguka tena. Tukatembea kijito juu na chini hadi mwanga ulipopungua. Hatukumpata.

Kijana alikaa juu ya gogo. Alisema, "Babu, afadhali ningekosa kabisa."

Mzee akajibu, "Ndiyo."

Kisha akamweleza jambo ambalo rafiki yangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kulisikia. Anaye mmoja wa namna hiyo, wa zamani, ambaye hana kitambaa ukutani wala picha. Kipande cha buluu cha 1979 hukizungumza kila mwaka, anakizungumza kwa wageni, amekizungumza kwangu. Huyu mwingine amekaa naye kimya miaka yote. Hakueleza kwa kirefu: upande wa mlima, giza linaingia, umbali usiofaa, na alijua haufai.

Tangu Ijumaa nilikuwa nimechukulia ule ukuta kuwa ukuta wa majuto. Nikiwa pale kijitoni niliona kwamba mashati yale yote ni ya wanyama walioondoka wazima. Risasi ya shemeji ilizama kwenye udongo, na dume wake usiku ule alikuwa anakula mahindi. Nadhani ndiyo maana wanaweza kucheka wakikata.

Jumatano

Nilipika. Rafiki yangu alikuwa amepata jike Jumapili jioni mvua ilipoacha, risasi moja, hatua chache akaanguka. Mimi nikatengeneza pilau ya paja la kulungu, na iliki na mdalasini nilivyobeba kutoka nyumbani. Nyama ya kulungu haina mafuta, inahitaji samli ya kutosha. Lakini tezi za shingo za jike huyo zilikuwa zimepelekwa kupimwa ugonjwa wa kudhoofika, ule unaoletwa na prioni, protini iliyoharibika, uliogunduliwa kwa kulungu wa Wisconsin mwaka 2002. Jibu la vipimo huchukua siku kadhaa, basi nyama niliyotumia ilitoka kwenye friza, ya jike mwingine, aliyepatikana kwa upinde na aliyekwisha pimwa. Hilo jike la Jumapili bado linasubiri.

Kijana alikula sahani mbili. Nilifurahi.

Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani

Bata mzinga, viazi, na ndugu wengi. Dada yake rafiki yangu alifika na watoto. Yeye huwinda kwa upinde, msimu unaoanza Septemba, na kipande chake ukutani ni cha waridi. Alinieleza mkoso wake kwa hesabu, na ni hesabu nzuri. Mshale wake huenda kama mita 85 kwa sekunde. Sauti huenda mita 340. Dume alikuwa mita 27. Maana yake sauti ya upinde ilimfikia kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijapita, ilhali mshale ulihitaji theluthi ya sekunde. Katikati ya hapo kulungu hufanya jambo moja: huchutama ili achupe. Mshale ulipofika alipokuwa, mgongo wake ulikuwa umeshashuka. Ulipita juu bila kugusa hata unywele. "Nililenga sawasawa," alisema, "mahali ambapo hakuwepo tena." Siku hizi hapigi dume aliyeinua kichwa na kukaza misuli, hata awe wa 170.

Baada ya chakula Mzee alisimulia habari za James Jordan. Mwaka 1914, karibu na Danbury, kaskazini mwa jimbo hili, Jordan aliua dume ambaye hakuna aliyejua ukubwa wake. Akampa mkaushaji wa wanyama kichwa, mkaushaji akahama nacho, pembe zikapotea. Mwaka 1964 mtu mmoja wa Minnesota, Bob Ludwig, alizinunua kwenye mauzo ya vitu vya zamani kwa dola tatu. Zilipopimwa zikatoa 206 1/8, rekodi ya dunia kwa pembe za kawaida. Jordan alizitambua kuwa zake, lakini jina lake liliwekwa rasmi mwaka 1978, muda mfupi baada ya kufa. Rekodi ilisimama hadi Milo Hanson, mkulima wa Saskatchewan, Kanada, alipompata wa 213 5/8 Novemba 1993.

Mzee huisimulia kwa uchungu kama ndugu yake. Mtu hakukosa, na bado alitembea zaidi ya nusu karne mikono mitupu.

Ijumaa

Ukungu. Hakuna aliyeona kitu.

Jumamosi ya mwisho

Kijana alikuwa ameitundika bunduki tangu Jumanne. Alimuuliza babu kama ana haki ya kuendelea, maana kibali chake bado hakijatumika. Mzee alimjibu kwamba sheria inamruhusu, na kwamba lililobaki ataliamua mwenyewe. Asubuhi hii alitoka, Mzee akaenda kukaa naye.

Walirudi jioni bila mnyama, na nilisikia habari kutoka kwa Mzee. Saa tisa alasiri lilitoka dume, si la Jumatatu, dogo kidogo lakini zuri, likasimama hatua themanini na kijiti cha unene wa kidole mbele ya bega. Risasi ikigusa kijiti inaweza kupinda. Kijana alishusha usalama wa bunduki, akavuta pumzi, akasubiri. Dume akasogea, bega likaenda nyuma ya shina. Akasogea tena, akaonyesha tumbo tu. Kijana akarudisha usalama. Dume akaingia msituni.

"Nilikuwa naliona bega lote ila pale pale," kijana alituambia mezani, akionyesha kwa kidole juu ya mkate. Mikono bado ilikuwa inatikisika. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza upepo ulikuwa wapi, nao wawili wakazungumza upepo hadi chai ikapoa.

Jumapili

Tulifunga kambi. Kabla ya kuondoka, wanaume wote na dada yule walikwenda bondeni na msumeno. Jioni hewa hupoa na kuteremka kutoka miambani, inachukua harufu ya mwindaji na kuipeleka chini pale kulungu wanapotokea. Dungu lilihamishiwa upande wa pili wa mwinuko, hatua thelathini juu. Vile vijiti vyote mbele yake vilikatwa.

Kijana aliuliza kama dume wa Jumatatu aandikiwe chochote. Mzee akamtolea daftari la kambi, ambalo sikujua kama lipo, akamwambia aandike tarehe, saa, umbali, upepo, alama alizoziona na mahali zilipoishia. Aliandika ukurasa na nusu. Akauacha wazi ili wino ukauke.

Mzee akamwambia aje Agosti, na atapiga karatasi akiwa juu ya dungu, si akiwa ameegemea meza, kila risasi baada ya kukimbia kupanda kilima ili moyo uwe unadunda. Kijana akasema atakuja na maboksi mawili ya risasi. Dada akasema yeye ataleta mishale, na kwamba hata shemeji atakimbia.